Mwambie Arudie

Hotelini, 1 Juni

Shemeji Spana,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mawe na vumbi. Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamwezani. Mara ya mwisho nilipokupigia nilikuuliza hali ya mke wako, ukanijibu kwamba ameshabadilishwa oili na sasa hatoi moshi. Masikio yako yameliwa na injini, Shemeji. Isitoshe, simu ya hoteli hii iko mezani kwa karani ambaye husikiliza mazungumzo ya watu huku amefumba macho kama anasali. Dereva anayepeleka mikanda ya filamu mjini kila Jumatatu na Alhamisi ndiye atakuwa posta yetu.

Huku tunapiga picha ya vita. Kazi yangu ni ileile: nakaa ubavuni mwa kamera na kuangalia kama shati lililofungwa vifungo viwili jana limefungwa viwili leo, na kama askari aliyejeruhiwa mguu wa kushoto asubuhi hajaanza kuchechemea wa kulia baada ya kushiba. Mwongozaji ni kijana, ananiita mama na hanisikilizi.

Sasa jambo lenyewe. Nimesoma gazetini kwamba Jumapili ya tarehe 21 kutakuwa na mbio za kumkumbuka marehemu mume wangu, mwaka mmoja tangu atutoke, na kwamba binti yake ndiye atakayezifungua kwa kuliendesha gari la baba yake. Nimesoma gazetini, Shemeji. Sikusikia kwako wala kwake. Picha ipo: mwanangu amevaa ovaroli la baba yake, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na wewe uko nyuma unacheka meno yote nje.

Sijakasirika. Nina wasiwasi, na wasiwasi wenyewe unaujua. Daktari aliyeipasua maiti ya mume wangu alisema ule ugonjwa wa moyo hukaa kimya miaka mingi, hutembea ndani ya familia, na mtoto lazima apimwe. Breki aliniambia alikwenda, akapimwa, akaonekana mzima. Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini wewe unamwona kila siku hapo gereji, mimi simwoni. Anakula? Analala? Anapanda ngazi bila kusimama katikati? Usinipambie maneno, niandikie ulichokiona.

Mimi hiyo tarehe 21 sitakuja. Siwezi kukaa tena kwenye lile jukwaa.

Shemeji yako,
Mama Breki


Gereji, 4 Juni

Shemeji Mama Breki,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikatafuta tairi nikakaa, nikaisoma tena. Kuhusu gazeti una haki ya kunitoa roho. Tulikubaliana Breki akuambie mwenyewe, kwa utaratibu, kwa lugha nzuri. Naona lugha nzuri imechelewa njiani na mwandishi wa gazeti akaipita kwenye kona.

Gari liko tayari nusu. Nimelifungua lote, nikasafisha kila kitu, hata sehemu ambazo hakuna atakayeziona ila mimi na panya. Nilipotoa kiti nilikuta chini yake karatasi ya peremende zake zile za mnanaa. Unakumbuka alivyokuwa akizitafuna kabla ya mbio mpaka mdomo ukawa baridi kama bomba la asubuhi. Nilishindwa kuendelea na kazi. Nikawaambia vijana nina mafua.

Sasa umeniuliza hali ya mtoto, nami nakujibu bila kupamba. Anakula. Anakula chake, na changu akikuta sijakishika vizuri. Analala sijui, lakini asubuhi anafika kabla yangu. Gari analiendesha kama baba yake, yaani ile kona mbaya ya mwisho haikanyagii breki mpaka wewe unayetazama ndiye unakanyaga kwa mguu wako hewani. Hilo jina la Breki baba yake alimpa kwa kejeli kabisa.

Na mzaha ni uleule. Ngoja nikusimulie ucheke. Unaujua mchezo wa marehemu: akimaliza mbio, akishasimama mbele ya gereji yetu ya uwanjani, analaza kichwa kwenye usukani amekufa, na sisi tunazunguka gari tunamwimbia wimbo wa mazishi, kisha anafufuka na kudai soda. Unajua pia siku ya mwisho tuliimba wimbo mpaka beti zikaisha na hakuinuka. Siku hizi wimbo huo ukiimbwa kwa majirani natoka nje.

Basi, Jumamosi tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya gari. Breki amesimama anatusimulia habari za mwenye nyumba wake, na katikati ya neno akanyamaza, akaenda chini upande wa kushoto, kwenye zile tairi kuukuu, kikombe kikamfuata, chai yote mapajani. Macho nusu wazi. Fundi wa rangi alikimbia bombani kuleta maji. Mimi moyo ulishuka mpaka kwenye soksi. Alipofika na ndoo, mtoto akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nimewapata." Shemeji, tulicheka mpaka tukalia, wengine kilio kilianza kabla ya kicheko. Ni baba yake mtupu.

Kwa hiyo tulia. Mtoto mwenye ugonjwa hana nguvu za kuwachezea wazee shere.

Shemeji yako,
Spana


Hotelini, 7 Juni

Shemeji Spana,

Sijacheka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyosoma hati ya filamu, na kila nikisoma napata baridi. Nisikilize sasa, na usinisikilize kama mjane, nisikilize kama mtu wa kazi.

Mume wangu alikufa karibu katika kila filamu aliyocheza. Watu walikuwa wakimwita Marehemu barabarani naye yuko hai, akiwapungia mkono. Alikufa kwa risasi, kwa sumu, kwa kuanguka kutoka ghorofani, na vifo vyote hivyo nilikuwa kwenye kigoda changu namtazama, maana tukirudia picha lazima afe vilevile. Kwa hiyo ninajua mtu anayeigiza kuanguka anafanya nini. Kwanza anamaliza sentensi yake. Hakuna mwigizaji anayekubali kufa katikati ya neno, maneno ndiyo mshahara wake. Pili, anajihurumia. Mkono unatangulia, au goti, au bega lenye nyama. Tatu, hajimwagii chai ya moto mapajani. Akiwa na kikombe atakiweka, au atakitupa pembeni kiviringike vizuri mbele ya kamera. Na macho anayafumba yote au anayakodoa yote. Nusu wazi hakuna mwigizaji anayeweza, kope zinacheza tu.

Wewe umeniandikia kwamba alinyamaza katikati ya neno, akaanguka ubavu, akamwagikiwa chai, macho nusu wazi. Halafu alipoamka akawatazama mmoja mmoja. Shemeji, mtu anayewachezea shere anajua mko wapi. Alikuwa akiwatazama ili ajue yuko wapi yeye. Na alipowaona nyuso zenu, akapata la kusema.

Sijui hakika. Niko mbali na nina tabia ya kuona vibaya mahali pazuri, hata mume wangu alinilalamikia hilo. Lakini siwezi kulala na hili. Tafadhali, toa kitu kwenye lile gari. Wewe ndiye unayelijua, toa kidude chochote kisionekane, liwe haliwaki siku hiyo, useme limezeeka. Watu watasikitika, watakunywa soda, watakwenda nyumbani.

Kesho nitampigia Breki simu, karani asikilize akipenda.

Mama Breki


Chumbani kwangu, 10 Juni

Mama yangu mpendwa na mpelelezi mkuu,

Pole kwa kukukatia simu Jumatatu. Ulikuwa unalia na nyuma yako kulikuwa na mtu anakohoa kwa kuhurumia, nadhani ni huyo karani, nikashindwa.

Nakuandikia haya kwa utulivu ili uyasome kwa utulivu. Mimi ni mzima. Daktari wa mbio amenitazama macho, amenipima presha, amenigonga magoti kwa kinyundo, na amesaini. Kwenye paja nimebabuka kidogo tu. Ule ulikuwa mchezo, Mama, mchezo wa Baba, na kama ulikwenda vizuri kuliko ilivyotakiwa basi nisifiwe, mimi ni mtoto wa mwigizaji na wa mama asiyekubali kosa hata kwenye kifungo. Umemtia Baba Mdogo hofu mpaka ananifuata bombani nikienda kunawa.

Sasa nikuambie kwa nini nataka kuliendesha. Hukutaka kuniuliza, uliniambia tu niache.

Wewe hutoki, huoni. Mimi ninaonyeshwa kila siku. Watu wanayo ile picha ya mwisho, ya Baba ameinamia usukani na mafundi wamemzunguka wanaimba. Ipo magazetini, ipo kwenye kuta za vinyozi. Watu wanasema alikufa akiigiza, wanasema ndicho kifo alichokitaka, na wanacheka kwa upendo, na mimi nataka kuwatia vidole machoni. Baba hakutaka kufa. Alikuwa ameahidi kunifundisha ile kona ya mwisho wiki iliyofuata. Alikuwa na miadi na daktari wa meno!

Nataka watu walione lile gari linazunguka uwanja, linarudi mbele ya gereji, linasimama, na dereva anashuka kwa miguu yake. Basi. Nataka picha hiyo iwafutie ile nyingine kichwani. Nani mwingine ataifanya kama si mimi?

Usinikataze, Mama. Nitaumia zaidi kwa kukatazwa kuliko kwa kuendesha.

Wako mtiifu, mara nyingine,
Breki


Gereji, 11 Juni

Shemeji Mama Breki,

Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kujibu, nayo imenikondesha, mke wangu anakudai ugomvi.

Gari sitaliharibu. Usinielewe vibaya. Tangu nishike spana sijawahi kulegeza nati ya mtu kwa makusudi, na siwezi kuanzia kwenye gari lake. Halafu fikiria mwenyewe. Gari lisipowaka, Breki atafungua boneti. Yeye si mgeni wa injini, nimemfundisha mwenyewe. Atakiona kilichotolewa, atajua ni mimi, na ataondoka hapa aende gereji nyingine ambako mikanda ya kiti hufungwa na watu wanaopiga simu. Afadhali awe na wazimu wake mbele ya macho yangu.

Nimemuuliza. Nilimkalisha kwenye ofisi, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mwanangu, siku ile ulianguka au ulituangukia?" Akacheka, akasema niache kusoma barua za mama yake bila miwani. Akaapa. Nimemwamini, Shemeji. Au nataka kumwamini, sijui tofauti yake iko wapi. Nikimtazama namwona mzima. Lakini na baba yake nilimwona mzima, mpaka ubeti wa mwisho.

Hilo ndilo linalonisumbua. Nikisema ni mgonjwa na kumbe ni mzaha, nitamnyang'anya siku aliyoisubiri mwaka mzima, na hatanisamehe. Nikisema ni mzaha na kumbe ni mgonjwa, basi tena. Nimeshakosea upande mmoja. Sina hakika ya upande wowote.

Leo nilimkumbuka marehemu sana. Waandishi wakimuuliza kwa nini anapenda mbio alikuwa anawadanganya, eti mwendo kasi, eti upepo. Mimi aliniambia kweli siku moja tuko chini ya gari wote wawili. Alisema, kule kwenye filamu nikikosea wananiambia rudia, nikipatia wananiambia rudia tuwe na akiba, mpaka mimi mwenyewe sijui lipi nilifanya kweli. Huku kona ukiikosa umeikosa, ukiipata umeipata, hakuna wa kukuambia rudia. Alisema akiwa kwenye gari ndipo anapojisikia anaishi mara moja kama watu wengine.

Niambie nifanye nini, ila si hilo la kuharibu.

Spana


Hotelini, 14 Juni

Shemeji Spana,

Umenisaidia bila kujua.

Kwanza niombe radhi kwa lile la kukuomba uharibu gari. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Ulivyokataa nilikasirika mpaka nikavunja penseli, kisha nikasema, huyu ndiye aliyekuwa akimfunga mume wangu mkanda, asingeweza kujibu vingine.

Barua ya Breki imefika pamoja na yako. Anaandika vizuri, kanichekesha na kaniliza ukurasa uleule. Lakini nilimuuliza kuhusu daktari wa moyo, naye kanijibu kuhusu daktari wa mbio. Macho, presha, kinyundo cha magoti. Kipimo cha moyo hakimo. Mwaka jana aliniambia amepimwa hospitali kubwa, na leo, anapotaka sana nimwamini, hospitali hiyo haimo kwenye barua. Nilimlea huyu. Akiwa mdogo alikuwa haniambii uongo, alikuwa ananionyesha kitu kingine.

Nikawaza, nimwandikie nimkaripie? Atapanda gari siku hiyohiyo kwa ubishi. Nije? Itakuwa vilevile, na mayowe juu. Halafu nikafika pale ulipoandika maneno ya mume wangu kuhusu kurudia, nikakaa kitako.

Shemeji, mwambie arudie.

Hivi ndivyo nilivyompata huyo bwana, sijui kama aliwahi kukuambia. Nilikuwa mgeni kazini. Ijumaa tulipiga picha yake akimvisha bibi harusi pete, kucha safi kama za daktari. Jumatatu tukaja kumalizia, kucha nyeusi za oili, alishinda kwenye gari siku zote mbili. Nilisimamisha kazi nzima. Wapambaji walimsugua kwa limau na mswaki, naye akawa ananiangalia mimi tu, akasema, "Wewe ndiye mwanamke wa kwanza kuniangalia mikono." Ndiyo kazi yangu hiyo. Mtu aliyefanya jambo kwa kuigiza anaweza kulirudia. Anakumbuka alisimama wapi, alimwangukia nani, kikombe kilikuwa mkono gani, kwa sababu yote hayo aliyapanga. Hata mwigizaji mbovu anakumbuka alianguka upande gani. Asiyeigiza hakumbuki chochote, hakuwepo.

Wewe uliniandikia: upande wa kushoto, kwenye tairi kuukuu, katikati ya neno. Usimwambie mtu mwingine. Tafuta saa ya chai, watu wote wawepo, mwambie arudie ule mchezo. Chai isiwe ya moto, nakuomba.

Akirudia vilevile, nitanyamaza. Nitakuja tarehe 21, nitakaa kwenye lile jukwaa, na nitampigia makofi mpaka viganja viwake. Nakuahidi hilo na utanishika nalo.

Asiporudia, utaona mwenyewe la kufanya.

Mama Breki


Gereji, Ijumaa 19 Juni

Shemeji,

Nimefanya. Gari la mikanda limeshapita jana, hii itakufikia Jumatatu tu, lakini siwezi kungoja kuiandika, utanisamehe mwandiko.

Nilichelewachelewa. Jumanne sikupata nafasi, Jumatano nikapata nafasi nikakosa moyo. Leo, saa ya chai, wote tupo. Nikasema kwa sauti ya kuchangamka, ile sauti yangu ya uongo ambayo mke wangu anaijua, "Breki, fundi wa injini hakuwepo siku ile ya mchezo wako. Hebu turudie, naye ashtuke." Akasema mzaha haurudiwi. Vijana wakamshangilia, wakampa kikombe, mimi nikahakikisha ni maji ya bomba. Akacheka, akasema haya, lakini mkikimbia msinilaumu.

Akaanza kusimulia habari za mwenye nyumba. Akatazama sakafu nyuma yake kidogo, kama mtu anayetafuta pa kukaa. Akamaliza habari yote, mpaka mwisho wake unaochekesha. Kisha akaweka kiganja kifuani, akaguna, akapiga goti, akaenda chini upande wa kulia, juu ya magunia ya matambara, taratibu kabisa. Kikombe alikishika wima. Hata tone halikumwagika.

Vijana wakapiga makofi. Nilitaka nami nipige, Shemeji. Mikono haikukutana.

Akafungua jicho moja, akasema, "Vipi, Baba Mdogo, hukupenda?"

Nikamuuliza, "Siku ile ulianguka upande gani?"

Akasema, "Huuhuu."

Fundi wa rangi, ambaye hajui lolote na hana baya, akasema hapana, siku ile ulikuwa kule, kwenye tairi, umenichafulia na brashi zangu. Breki akageuza kichwa akazitazama zile tairi. Alizitazama muda mrefu. Makofi yakafifia yenyewe. Akakaa palepale kwenye magunia na kikombe chake kimejaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtoto, ile aliyokuwa nayo akija hapa kumngoja baba yake:

"Nilikaa chini muda gani?"

Nikamwambia, muda wa fundi wa rangi kwenda bombani na kurudi na ndoo.

Akaweka kikombe, akavua ovaroli la baba yake, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti cha gari, akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani. Akaniambia nisimfuate, na kwa mara ya kwanza hakunitania, kwa hiyo nikasimama. Sijui amekwenda wapi. Kwake hayupo, nimekwenda mara mbili.

Gari nimelifunga na funguo ziko mfukoni mwangu. Sijaliharibu. Nimelifunga tu.

Nilifikiri nikijua upande mmoja nitapumzika. Sijapumzika hata kidogo.

Spana


Hospitali, Jumapili 21 Juni

Mama,

Hii utaipata pamoja na ya Baba Mdogo, gari moja. Soma yake kwanza. Nilipiga simu hotelini jana na leo, karani akasema mko milimani na hakuna simu mpaka Jumanne. Aliniuliza kama nina ujumbe wa kukuachia. Nikashindwa kumwachia mgeni maneno haya, ingawa bila shaka angeyatunza vizuri kuliko mimi.

Ijumaa nilitoka gereji nikaja hapa moja kwa moja, kwa miguu, nikikaa kila penye benchi. Mwaka jana sikupimwa. Nilifika mpaka mlango wa daktari wa moyo, nikakaa kwenye foleni kati ya wazee, jina langu likaitwa, nikainuka nikatoka nje kana kwamba si langu. Nilikwambia niko mzima kwa sababu nilijisikia mzima. Na ile ya chai haikuwa ya kwanza. Kuna ya kwenye ngazi za nyumba, na moja kwenye duka la vitabu, nilipoamka nikaona watu wamenizunguka nikawaambia nimeteleza. Ile ya gereji niliamka nikaona nyuso za mafundi, nikajua wanafikiria nini, na mdomo ukasema wenyewe, nimewapata. Sikujua kama nilianguka au nilikaa. Nilijua tu chai inaniunguza.

Ninao, Mama. Uleule wa Baba. Daktari amenionyesha kwenye mashine, moyo wangu ukiwa unacheza pale kama mtu anayetafuta funguo. Alhamisi watanipasua hapa chini ya bega, waweke kidude kitakachoushtua moyo ukisimama. Anasema watu wanaishi nacho mpaka wanazeeka. Anasema pia kwamba magari ya mbio basi, na alisema kwa haraka, akitazama faili, nadhani alikuwa ameambiwa mimi ni mtoto wa nani.

Leo ilikuwa siku yenyewe. Nilikuwa nimelala hapa na nyaya kifuani nikisikiliza saa. Jioni Baba Mdogo, niliyempelekea habari jana, amekuja, bado amevaa ovaroli la Baba, halimfungi tumboni. Gari ameliendesha yeye. Mtu ambaye hajawahi kushindana hata na baiskeli. Anasema alikwenda polepole mpaka watoto waliokuwa nje ya uzio wakawa wanakwenda naye sambamba. Ile kona mbaya alikanyaga breki mara tatu. Akafika mbele ya gereji, akasimama, na kabla injini haijazima vizuri akajifungua mkanda, akatoka kwa haraka mpaka akajikwaa, akasimama katikati ya barabara ameinua mikono yote miwili, watu wamwone. Anasema jukwaa zima lilisimama. Aliponisimulia hapo akaanza kukagua magurudumu ya kitanda changu, akasema moja linavuta kushoto.

Nilicheka, Mama. Kisha aliondoka, wakazima taa ya kati, na sikuwa na wa kumchekea.

Nimejaribu kuyaandika haya kwa namna ya kukuchekesha. Nimechana karatasi kadhaa. Ninaogopa. Nikifumba macho nafikiri labda ndiyo hiyo, na sitajua, kama ambavyo sikujua zile nyingine. Daktari anasema ikitokea mashine italia na watakuja mbio. Muuguzi anasema vivyo hivyo. Nawaamini wote, lakini hawanijui nikilala ninakuwaje.

Mwache huyo kijana na vita vyake. Njoo ukae hapa ubavuni, unitazame, nami nilale.

Breki